Kiti cha Ray, Mtaa wa Tisa

Watu walimwambia Loretta Zawada ahame mjini kati mara nyingi mpaka akaacha kuwajibu. Aliambiwa na dada yake, akaambiwa na mhasibu wake, akaambiwa na padri, ambaye, Mungu amsamehe, alikuwa anakunywa supu yake ya bure huku anamwambia. Duka kubwa la nguo ng'ambo ya barabara lilipofungwa, wakamwambia. Benki ya kona ilipobomolewa ikawa uwanja wa kupaki magari, wakamwambia tena. Mji mzima wa Erie, hapa kando ya ziwa, ulikuwa umepanda juu kule, kwenye maduka makubwa ya kando ya barabara kuu, na Mtaa wa Tisa ukabaki na mahakama, njiwa, na Loretta na mgahawa wake wa pierogi, maandazi ya Kipolandi yanayojazwa viazi.

"Sasa hapa unamuuzia nani? Hawa njiwa?" dada yake alikuwa akimuuliza.

"Njiwa angalau hawanung'uniki," Loretta alikuwa akijibu, mikono imo ndani ya unga.

Yule mama ana kichwa kigumu, tusidanganyane. Lakini kichwa kigumu ndicho kilichouweka wazi mgahawa ule wakati sisi wengine tulikuwa tunaenda kununua hata sindano huko juu, tukirudi tunalalamika kwamba mjini kati kumekufa. Kumekufa, na nani kaua? Tuyaache hayo.

Mgahawa ulikuwa wa mama yake Ray, na Ray ndiye aliyekuwa mume wa Loretta. Kila asubuhi Ray alikaa kwenye kiti cha chuma karibu na dirisha, ndoo ya viazi katikati ya miguu, akimenya na kumtukana kocha wa timu kwenye redio. Kikalio cha kiti kilipasuka, akabandika utepe mwekundu. Kikapasuka tena, akabandika utepe juu ya utepe. Loretta alimwambia anunue kingine, Ray akasema kiti bado kizima. Ray akafa, kiti kikabaki. Siku ya kwanza mteja alipokivuta akakaa, Loretta alihisi kama amekanyagwa kifuani. Alimwinua yule mtu kwa adabu, akakipeleka kiti stoo, na tangu hapo hakuna aliyekikalia.

Kilipata kazi nyingine, ya nje. Kwetu, theluji ya ziwani ikishuka, ukichimba nafasi ya gari lako barabarani, nafasi hiyo ni yako mpaka theluji iyeyuke. Ukitoka, unaweka kiti. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Polisi watakwambia ni upuuzi mtupu, lakini nenda nyumbani kwa polisi mwenyewe mwezi wa pili uone kama hajaweka kiti. Basi kila baridi kiti cha Ray kilisimama mbele ya mgahawa na utepe wake mwekundu, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyekigusa.

Halafu mambo yakabadilika. Ikaja kampuni moja ikanunua lile duka la nguo lililokufa, ikanunua na jengo alimopanga Loretta, ikanunua karibu mtaa mzima. Winchi zikasimikwa. Madirisha yaliyokuwa yamezibwa kwa mbao yakawekwa vioo, na nyuma ya vioo zikawaka taa. Wakaanza kuhamia watu: vijana wenye kompyuta mapajani, manesi, walimu, wastaafu waliochoka kukata majani ya bustani, na watu wenye vimbwa vidogo vilivyovalishwa sweta. Wazee wa kaunta, wateja wake wa siku zote, walikunja sura. Loretta alipaka rangi mlango wake na kununua sufuria kubwa kuliko la zamani.

"Unafurahia nini?" aliulizwa na Chet Majewski. Chet alistaafu kiwanda cha vichwa vya treni, anakaa ghorofani juu ya duka la kinyozi, na amekula chakula cha mchana kwenye kigoda kilekile tangu tukiwa na nywele. "Hawa watakufukuza, Loretta. Mimi nakwambia."

"Nimewangoja watu hawa tangu Ray yuko hai," alisema Loretta. "Halafu wakifika ndiyo niondoke mimi? Kwani nina wazimu? Kula, inapoa."

Wiki iliyofuata akaja Todd Hargis, mtu wa kampuni, kijana mpole anayetabasamu hata akikanyagwa. Akasema mkataba wa Loretta unakwisha mwisho wa mwezi wa tatu, na kuna kampuni ya kahawa, yenye matawi kila mahali, inautaka ukumbi ule. Kampuni yake imeamua kuwauliza wapangaji wenyewe. Kutakuwa na mkutano Jumatano, kila fleti itapiga kura: wanamtaka nani hapa chini, Loretta au kahawa. Atakayeshinda anapewa mkataba mpya. Atakayeshindwa, pole.

Chet aliweka uma chini. Loretta alifuta kaunta, polepole, mpaka mwisho.

"Waulize," akasema. "Mimi sina wasiwasi."

Kusema kweli alikuwa na wasiwasi mmoja, na hakumwambia mtu. Wale wapangaji hawakuwa wanaingia. Walipita, wakachungulia kioo, wakaona migongo ya wazee imejipanga kwenye kaunta kama ukuta, wakaenda zao. Chakula chake alikiamini. Ila chakula hakimshawishi mtu aliyebaki nje ya mlango.

Jumapili theluji ikamwagwa, si ya mchezo. Jumatatu asubuhi Loretta alichimba nafasi yake mpaka lami ikaonekana, akaweka kiti cha Ray, akaendesha kigari chake kwenda kuchukua viazi na unga. Aliporudi, kiti hakipo. Kwenye nafasi yake kumekaa kigari cha njano chenye namba za Arizona, kimetulia, hakina habari.

Alipaki mbali akabeba magunia mwenyewe, maana wazee walipojitolea aliwafokea. Alipoingia alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kiti kiko wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Chet alikuwa ameshasimama dirishani anakitazama kile kigari kwa jicho ambalo Loretta alilijua vizuri sana.

"Msiliguse," akasema. "Chet, nakuangalia wewe. Mwenye gari ni mpangaji wa juu. Keshokutwa kuna kura. Mmenisikia?"

"Sisi?" Chet akashika kifua. "Tuguse nini sisi? Watu wazima?"

Asubuhi ya Jumanne kigari kile hakikuwa tena cha njano. Kilikuwa bonge la barafu. Milango, vioo, matairi, vyote vimefunikwa barafu nene inayong'aa, na pembeni yake amesimama binti mmoja amevaa kijikoti cha kwenda nacho ufukweni, anavuta mpini wa mlango na kulia. Kwetu hiyo ndiyo adhabu ya mwizi wa nafasi: unangoja baridi ikaze, unamwaga maji, ndoo baada ya ndoo. Aliyefanya hivyo alikuwa fundi.

Loretta aligeuka akaitazama kaunta. Wazee wote walikuwa wanasoma gazeti, na Chet gazeti lake alikuwa amelishika juu chini.

"Toka nje," Loretta akamwambia.

"Loretta, sheria ni sheria. Kachukua kiti cha Ray."

"Nimesema toka. Chukua chumvi, chukua kile cha kukwangulia, na usirudi humu mpaka niione rangi ya njano. Mjinga mkubwa wewe! Unanilindia kiti halafu unanikosesha mgahawa?"

Chet alitoka. Wenzake wawili wakamfuata bila kuambiwa, kwa kuwa hawakutaka kubaki na uso wa yule mama. Loretta akamwingiza binti ndani, akamvalisha sweta lake mwenyewe, akamwekea sahani ya pierogi za viazi na jibini zilizokaangwa na vitunguu. Binti alikula huku bado analia, na kwa namna alivyokula Loretta aliona kwamba hapiki.

Jina lake lilikuwa Marisol Quintero. Nesi, ametoka Tucson, huko Arizona jangwani, hajawahi kuiona theluji ila kwenye picha.

"Mwanangu," Loretta akasema, "pale ulipopaki kulikuwa na kiti."

"Ndiyo! Kile cha chuma!" Uso wa Marisol ukafunguka. "Nilidhani mtu amekitupa. Kwetu mtu akiweka kiti barabarani maana yake chukua, ni cha bure. Na mimi nilihamia na godoro tu, mama, sina hata stuli. Nikasema Mungu ameniona. Nikakipandisha juu."

Wazee wawili waliobaki kwenye kaunta walizamisha macho kwenye kahawa zao.

"Kile si cha kutupwa," Loretta akasema. "Ni cha mume wangu."

Marisol aliweka uma chini. Loretta alimweleza habari ya theluji na viti, kwa kifupi, na binti akawa mwekundu, akajifunika uso, akasema samahani kwa Kiingereza na Kihispania. Kisha akakimbia ngazi zote bila kungoja lifti na kurudi na kiti, amekikumbatia.

"Kikalio kilikuwa kimechakaa," akasema akihema. "Baba yangu anashona makochi, amenifundisha. Jana jioni nimekitoa chote nikaweka kipya. Angalia."

Kilikuwa cha kijani kibichi, kimeshonwa pembeni kwa uzi mzito, kizuri, hakina kosa. Chuma chenyewe kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

"Utepe uko wapi?" Loretta akauliza.

"Ule mwekundu? Niliutupa. Ulikuwa umeoza, mama."

Loretta alikitazama kiti. Aliona vidole vya Ray vikibana ule utepe, vikiusugua kwa kidole gumba ushike. Uchungu ukamtoka vibaya.

"Basi kaa nacho," akasema. "Hicho si cha Ray tena. Kipeleke juu. Nenda kazini, utachelewa."

Binti alisimama kidogo, kama hajasikia vizuri. Halafu akakiinua kiti akaondoka nacho, na ilimchukua muda kukipitisha mlangoni kwa kuwa hakuna aliyemshikia mlango.

Chet aliingia baadaye, masharubu yameganda. Akaambiwa yaliyotokea. Aling'oa barafu kwenye masharubu, kipande kwa kipande.

"Mimi nimegandisha gari lake," alisema mwishowe, "lakini wewe umemkosea zaidi."

"Nyamaza, Chet."

"Nanyamaza. Ila ni wewe unayetuambia kila siku, vitu vipya haviwaumi. Eti mjini kati kunafufuka, tuache kununa. Haya, kaja mtu na kitu kipya, umemfukuza."

Loretta alikwenda jikoni akamenya viazi ambavyo havikuhitajika. Alijua Chet amesema kweli, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba aliyesema ni Chet.

Jumatano jioni mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa chini wa jengo jipya, palepale zamani palipokuwa pakiuzwa kofia. Loretta alivaa gauni la kanisani. Chet alikuja pia, ingawa alikatazwa. Kampuni ya kahawa ilileta vikombe vya bure na keki ndogondogo. Loretta hakuleta kitu. Alisema anayetaka kujua chakula chake anaujua mlango.

Bwana mmoja aitwaye Preston, mwenye kimbwa chenye sweta, akanyoosha mkono.

"Samahani, mama, simaanishi vibaya," akasema. "Lakini humu ndani watu wanasema huko kwako ndiko wanakogandisha magari. Watu wanaogopa kupaki."

Ukumbi ukanong'ona. Todd akatabasamu kwa hofu. Loretta alimtafuta Marisol kwa macho, akamwona nyuma kabisa, amevaa nguo za kazi, anatazama sakafu.

"Ni kweli," Loretta akasema. "Gari limegandishwa na mteja wangu. Huyu hapa, anaitwa Chet, anadhani amejificha nyuma ya mmea."

Chet akatoka nyuma ya mmea. "Ni mimi," akasema. "Nilikosea. Ingawa maji niliyachemsha kwanza kidogo, yasiumize rangi." Watu wengine wakacheka, Preston hakucheka.

"Simtetei," Loretta akaendelea, "na simfukuzi. Ni mteja wangu. Alikuwa anakuja nilipokuwa sina mwingine, na ninyi mkija mtakuwa hivyohivyo, hata mkifanya ujinga. Sikuja kuomba huruma hapa. Mimi nilikuwa nawangoja. Mlikuwa hamjui, lakini nilikuwa nawangoja, kila asubuhi nilifungua kwa kuwa nilijua siku moja watu watarudi kulala mtaa huu. Mji bila watu wanaolala ndani yake ni ghala tu. Sasa mmekuja, na mimi napika vizuri kuliko mtu yeyote kuanzia hapa mpaka ziwani, na hilo silisemi kwa kujisifu, mwulizeni yeyote." Akavuta pumzi. "Jambo la mwisho. Kuna mtu humu alinitendea wema na mimi nikamtolea ukali. Aliyekosa ni mimi, si yeye. Nimemaliza."

Alipotazama nyuma, nafasi ya Marisol ilikuwa tupu. Alikuwa ametoka, na Loretta hakujua kama ametoka kabla ya maneno yale au baada yake. Todd akakusanya kura kwenye boksi, akasema atampigia simu Ijumaa. Njiani Chet alisema zamu za manesi ndivyo zilivyo, zinakatiza mambo. Loretta alisema anajua.

Usiku wa kuamkia Ijumaa theluji ikaja tena, nyingi kuliko ile ya Jumapili. Loretta aliendesha taratibu akifikiria beleshi, mgongo wake, na simu ya Todd. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliwaza kwamba huenda anakwenda kuchimba nafasi ya mtu mwingine. Alijikemea kwa sauti, ndani ya gari, peke yake.

Alipofika Mtaa wa Tisa, nafasi ilikuwa imeshachimbwa.

Ilichimbwa vibaya, lazima niseme. Upande mmoja umepinda, upande mwingine ni mpana wa kuegesha lori. Na theluji yote iliyotolewa pale ilikuwa imerundikwa wapi? Mlangoni. Kilima kizima, mpaka usawa wa kitasa, kimeuziba mlango wa mgahawa. Mtu aliyezaliwa hapa asingefanya hivyo hata akiwa amelewa. Na katikati ya nafasi ile iliyopinda, kimesimama kiti cha chuma chenye kikalio cha kijani.

Nyuma yake walisimama watu sita au saba wenye mabeleshi mapya ambayo bado yana bei. Preston alikuwepo na kimbwa chake. Marisol alikuwa mbele, na safari hii alikuwa na koti la maana.

"Nilitoka kwenye mkutano mapema, nilikuwa na zamu," akasema haraka haraka kabla Loretta hajafunga mlango wa gari. "Lakini nilisikia yote, mama. Nilikuwa pale kwenye lifti. Na kura nilishaiweka."

"Todd hajapiga simu," Loretta akasema.

"Todd anaamka saa ngapi?" Preston akasema. "Sisi tulikuwepo wakati anahesabu. Mkataba ni wako. Kahawa wamepata ghorofa ya nne tu, na wale hawali ngano. Sasa tunaomba utufungulie, tuna njaa."

Loretta aliangalia mlango wake uliozikwa. Akaangalia wale watu wenye mashavu mekundu, wamejaa fahari, hawajui walichofanya. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kukoma. Marisol akamshika mkono.

"Nani kawaambia theluji inarundikwa mlangoni?" akasema alipoweza. "Eh? Mlidhani nitaingilia dirishani? Haya, chimbeni tena. Na muweke kule, pembeni, siyo barabarani."

Walichimba. Chet akaja na wazee wengine, akasimama, akatazama namna wanavyoshika mabeleshi, akashindwa kujizuia, akaanza kufundisha. Mlango ulipofunguka, ukuta ule wa migongo ulikuwa umeshachanganyika na sweta za mbwa na makoti mapya, huwezi kujua nani wa juu na nani wa kaunta.

Loretta alipaki gari lake, akakichukua kiti, akaingia nacho ndani. Hakukipeleka stoo. Alikiweka karibu na dirisha, palepale pake, akakipangusa theluji kwa aproni. Chet alikiona akavua kofia.

"Marisol," Loretta akaita. "Njoo."

Binti alikuja, akasita mbele ya kile kiti.

"Hapo si pa mtu," akasema. "Chet kaniambia."

"Chet anasema mengi. Kaa."

Marisol akakaa taratibu, ukingoni tu, kama anaogopa kitavunjika. Loretta akamsukuma bega mpaka akakaa sawasawa, akamwekea sahani kwenye magoti, akarudi jikoni kukaanga nyingine.